Bwawa la samaki uani: mwongozo kamili wa kutunza maji, kuanzia saa kumi na moja alfajiri

Asubuhi moja nilitoka uani nikakuta koi wanne, samaki wa mapambo wa rangirangi, wamegeuka matumbo juu. Walikuwa wale wakubwa kuliko wote. Perege wadogo walikuwa hai, wamejipanga pembeni wakiachama midomo juu ya maji kama wanaomeza upepo. Kwa macho maji yalikuwa mazuri, ya kijani kibichi, hayana harufu. Usiku ule umeme ulikatika, na jioni yake nilikuwa nimewalisha mara tatu kwa kuwa wageni walitaka kuwaona wakigombania chakula.

Nilitafuta ugonjwa wiki nzima, nikanunua dawa, nikatazama magamba moja moja. Mwisho nikamfuata mzee mmoja wa mtaani ambaye amefuga samaki kwa miaka mingi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umewahi kufika bwawani kabla ya adhana ya alfajiri?" Sikuwahi. Nilikuwa nikilitazama bwawa saa nne asubuhi na jioni, saa ambazo lina afya yake nzuri kuliko zote.

Mwongozo huu ni kwa mwenye bwawa dogo la nyumbani, awe na koi, samaki wa dhahabu, perege au kambare. Mfano nitakaoutumia ni bwawa langu mwenyewe Dar es Salaam, ambako maji hayapoi sana mwaka mzima. Aliyeko Arusha, Nairobi au Mbeya atapata maelezo yake nikifika kwenye oksijeni.

Hatua ya 1: Jua bwawa lako lina lita ngapi

Usianze na kitu kingine chochote. Chumvi, dawa, idadi ya samaki, ukubwa wa pampu, vyote vinahesabiwa kwa lita. Bwawa la mstatili: zidisha urefu, upana na kina kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000. Langu lina mita 3 kwa 2, na maji yanafika sentimita 80. Hiyo ni 3 × 2 × 0.8 = 4.8, yaani lita 4,800. Bwawa la duara: nusu ya kipenyo zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina, kisha kwa 1,000. Andika jibu kwa rangi ukutani karibu na bwawa, maana siku ya dharura akili haihesabu vizuri.

Kina nacho kina maana. Bwawa la sentimita 40 linachemka mchana na kupoa usiku, na samaki hawana pa kukimbilia. Sentimita 80 hadi mita 1.2 linakaa sawa zaidi.

Hatua ya 2: Bwawa jipya la saruji lioshwe ukali wake

Mafundi wengi hukabidhi bwawa na kusema, "Jaza maji, weka samaki." Usikubali. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na pH (kipimo cha asidi na alkali cha maji, katikati yake ni 7) hupanda hadi 10 na zaidi. Ngozi ya samaki na matamvua yake (wengine huyaita mashavu) huungua kwa maji hayo.

Jaza bwawa, liache siku 3 hadi 4, mwaga. Rudia mara tatu au nne. Katikati ya zamu hizo sugua kuta kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza. Mara ya mwisho acha maji yakae wiki nzima ndipo upime. Kama pH bado iko juu ya 8.5, mwaga tena. Mwenye haraka anaweza kupaka rangi maalumu ya kuzuia maji isiyo na sumu, ila hakikisha imekauka kabisa na haina harufu.

Hatua ya 3: Maji unayojazia

Maji ya bomba yana klorini ya kuua vijidudu vinavyotuumiza sisi. Klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wema wa kwenye chujio. Yaweke kwenye tanki au mapipa yaliyo wazi siku moja hadi mbili, juani, na uyakoroge mara kwa mara, klorini itapaa. Ukiwa na haraka, duka la samaki wa mapambo huuza chembe za kuondoa klorini, sodiamu thaiosalfeti. Gramu 10 kwa lita 1,000 zinatosha maji yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita.

Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini mara nyingi yanatoka ardhini bila oksijeni na yakiwa na chuma. Ukiyaona ni meupe, na kesho yake ndoo ina utelezi wa rangi ya kutu, hicho ndicho chuma, na kikiingia bwawani moja kwa moja hunata kwenye matamvua. Yaangushe kutoka juu kupitia kokoto kwanza, yatulie siku nzima, uchote yaliyo juu. Kwa sisi wa pwani, yaonje pia. Maji yenye ladha ya chumvi perege atayavumilia, koi na samaki wa dhahabu watateseka.

Maji ya mvua kutoka paani ni laini mno. Changanya na mengine, usijaze nayo peke yake.

Hatua ya 4: Chujio ni nyumba ya bakteria

Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake muda wote, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Amonia ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na mimea huila. Bakteria hawa huishi kwenye kitu kigumu chenye uso mwingi, maji yenye oksijeni yakipita juu yao bila kukoma. Chujio kazi yake kubwa ni kuwapa mahali pa kushika.

La kwangu ni pipa la lita 200. Maji yanaingia chini kwa bomba, yanapanda taratibu, yanatokea juu na kuanguka bwawani kama kijito. Chini nimeacha nafasi tupu ya tope kutuama, na bomba lenye koki la kulitolea. Juu yake nyavu chakavu za uvuvi zilizooshwa vizuri, kisha vifuniko vya chupa za soda vilivyotobolewa, kisha mawe ya volkano yenye vitundu. Kama huna mawe hayo, ongeza vifuniko. Pampu iwe na nguvu ya kuzungusha maji yote mara moja kila saa 2. Kwa bwawa langu ni lita 2,400 kwa saa. Waya wa pampu upitie kwenye swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na kazi hiyo mwachie fundi umeme. Maji na umeme havichezewi.

Sasa subira. Chujio jipya halina bakteria, na huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Washa pampu, tupia chakula cha samaki kidogo kila siku hata kama samaki hawapo, pima. Amonia itapanda kwanza. Kisha itashuka na nitriti kupanda. Zote mbili zikifika sifuri na nitrati ikaonekana, chujio limeiva. Njia ya mkato iliyo halali: omba nyavu au mawe yaliyokwisha tumika kutoka chujio la mtu ambaye samaki wake wana afya, yasafirishe yakiwa na maji, yatie kwenye pipa lako siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Samaki wachache

Koi mkubwa anahitaji kama lita 1,000 peke yake. Bwawa la lita 4,800 ni la koi watano, basi. Najua wanauzwa wakiwa na urefu wa kidole na bwawa linaonekana tupu. Watakua. Weka wawili au watatu, subiri wiki mbili ukipima, ndipo uongeze.

Perege nao wana jambo lao: huzaana. Ulinunua 15, baada ya miezi michache wako mia, na mzigo wa bwawa umeongezeka bila wewe kutoa shilingi. Nunua madume matupu au punguza watoto kila mwezi. Kambare usimchanganye na wadogo, atawala.

Samaki mgeni akae kwenye beseni kubwa au pipa lake wiki 2 hadi 3 kabla ya kuungana na wenzake. Siku ya kumhamisha, acha mfuko wake uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo ndani ya mfuko.

Hatua ya 6: Chakula ndicho kinachochafua

Toa kiasi watakachomaliza ndani ya dakika 5. Kilichobaki kitoe kwa chujio la mkono. Ugali, wali na chapati ya jana visiingie bwawani. Vinashiba maji, vinazama, vinaoza.

Hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache kulisha kwa huruma. Kila kilo ya chakula chenye protini nyingi huacha majini karibu gramu 30 za naitrojeni ya amonia. Ukilisha gramu 60 kwa siku, ni kama gramu 1.8. Kwenye lita 4,800 hiyo ni karibu miligramu 0.4 kwa lita, kila siku. Chujio likisimama siku nne, unafika miligramu 1.5.

Lisha asubuhi jua likishapanda na alasiri mapema. Usilishe jioni. Samaki anayemeng'enya chakula anahitaji oksijeni zaidi, na wewe unamsukuma kuihitaji saa ambazo bwawa linaishiwa.

Hatua ya 7: Nenda bwawani mara mbili, alfajiri na saa tisa alasiri

Hapa ndipo moyo wa mwongozo huu ulipo, nami nakuomba usipasome kwa haraka.

Mchana, mwani, yaani vimea vidogo mno vinavyolifanya bwawa liwe la kijani, hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Jua likizama kazi hiyo inasimama, na mwani wenyewe unaanza kuvuta oksijeni pamoja na samaki, bakteria na uchafu unaooza chini. Kiwango kinashuka usiku kucha, na kinafika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Bwawa lililokuwa na oksijeni tele saa kumi jioni linaweza kuwa karibu tupu saa kumi na moja alfajiri.

Joto nalo huongeza shida. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hayazidi 7.6 hivi, na katika joto hilo samaki anapumua zaidi. Walioko nyanda za juu wasijipumzishe kwa sababu ya baridi: kwenye mwinuko wa Nairobi maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani kwa joto lilelile.

Basi fika saa kumi na moja, na tochi. Usimulike maji moja kwa moja. Mulika ukutani, usubiri macho yazoee. Samaki waliotulia katikati au chini, matamvua yakicheza polepole, wako salama. Wakiwa wamejazana pale maji ya chujio yanapoangukia, oksijeni imepungua. Wakiwa juu wote, midomo wazi, na ukipiga hatua hawakimbii, una dakika chache. Kambare asikudanganye: ana kiungo cha kupumulia hewa, hupanda juu kuivuta kisha hushuka, na hilo ni tabia yake. Ukiwa na kipimo cha oksijeni, taka zaidi ya miligramu 5 kwa lita saa hiyo.

Ndipo nilipowaelewa koi wangu wanne. Oksijeni ikikosekana, wakubwa hutangulia kufa na wadogo hubaki. Sumu ikiingia, kwa kawaida haichagui umri. Kumbuka tofauti hiyo siku utakayokuta maiti.

Saa tisa alasiri ni zamu ya pH na amonia. Mwani ukifanya kazi juani hula kaboni dayoksaidi iliyomo majini, na pH hupanda. Bwawa la kijani sana linaweza kuamka na 7.5 likafika alasiri na 9. Kipimo cha matone cha duka la samaki husoma amonia yote kwa jumla, lakini ukali wake unategemea pH. Katika nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Ikiwa 8 ni karibu asilimia 7. Ikiwa 9 ni karibu asilimia 40. Amonia ileile, bwawa lilelile, asubuhi samaki mzima na alasiri anajikuna ukutani.

Viwango ninavyovishika: amonia sifuri, nitriti sifuri, pH kati ya 7 na 8.5, na isipande zaidi ya 0.5 kutoka asubuhi hadi alasiri. Pima kila siku bwawa likiwa jipya, kisha mara moja kwa wiki. Vikaratasi vya kuchovya ni afadhali kuliko kukosa, matone ni bora.

Kama pH inayumba sana au inashuka wiki hadi wiki, maji yamepungukiwa na chokaa ya kuituliza, maana bakteria wa chujio huila wakifanya kazi. Mimi huweka maganda matupu ya chaza na kome ndani ya mfuko wa wavu kwenye pipa. Yanayeyuka polepole kadiri maji yanavyohitaji. Wa bara watumie chokaa ya kilimo kidogo kidogo. Chokaa ya kupakia nyumba isikaribie.

Nitriti ikionekana, damu ya samaki inashindwa kubeba oksijeni na matamvua hugeuka rangi ya kahawia. Badilisha theluthi ya maji, kisha weka chumvi ya mawe, kilo 1 kwa kila lita 1,000. Iyeyushe kwenye ndoo, imimine kwa awamu siku nzima.

Hatua ya 8: Ukijani na mimea

Maji ya kijani si adui, ukijani uliozidi ndio adui. Zamisha mkono hadi kiwikoni. Ukiona kiganja chako, sawa. Kikipotea kabla kiwiko hakijafika majini, punguza chakula, badilisha maji, funika theluthi ya bwawa kwa kivuli. Usiue mwani wote kwa dawa siku moja. Utaoza kwa pamoja na kumaliza oksijeni usiku huo.

Yungiyungi ni zuri, linatoa kivuli na kunyonya nitrati. Magugu maji husafisha maji vizuri sana, lakini tunajua yalichokifanya Ziwa Victoria. Ukiyafuga, yabaki kwako. Ukiyapunguza yakaushe juani yawe mboji, kamwe yasifike mtoni wala mtaroni.

Angalia na kilicho juu ya bwawa. Majani ya mwembe yanaoza. Ya mwarobaini yana sumu kwa samaki. Utupa, ambao wazee waliutumia kulevya samaki mitoni, usipandwe hata karibu. Na wanaokuja kupuliza dawa ya mbu uani waambie mapema: dawa nyingi za jamii ya pareto huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Funika bwawa kwa turubai na uzime pampu ya hewa wakati wa kupuliza. Samaki wenyewe wanakula viluwiluwi vya mbu, dawa haihitajiki hapo.

Hatua ya 9: Kazi ya kila wiki

Fungua koki ya chini ya pipa, tope litoke hadi maji yawe meupe. Nyonya uchafu wa chini ya bwawa kwa mpira. Badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kwa maji yaliyokaa. Maji machafu hayo mwagia migomba au mchicha, yana mbolea.

Nyavu na sponji zioshe kwa maji ya bwawa ndani ya beseni, si bombani. Klorini itaua bakteria uliowangoja wiki sita. Osha nusu wiki hii, nusu wiki mbili baadaye. Sabuni isiguse chochote.

Hatua ya 10: Masika, na usiku umeme ukikatika

Mvua kubwa huleta mambo mawili. Maji ya uani yanaingia na sabuni, mafuta na mbolea. Kwa hiyo ukingo wa bwawa uwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 angalau, na pawe na bomba la kutolea yanayozidi. La pili ni maji baridi ya mvua kuzama na kupandisha yale ya chini yasiyo na oksijeni. Alfajiri baada ya mvua ya usiku usilale. Siku mbili tatu za mawingu mazito pia ni hatari, maana mwani haukupata jua la kutengeneza oksijeni. Punguza chakula nusu.

Umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo mkombozi. Inunue kabla hujanunua samaki wa tano. Huna? Chukua ndoo. Chota, nyanyua hadi kifuani, mwaga kwa kusambaza, chota tena. Fungua maji ya akiba yaliyokaa na uyaangushe kutoka juu. Usilishe kabisa siku inayofuata. Chujio likisimama zaidi ya saa 4 hadi 6, maji yaliyomo ndani yameoza na yana sumu: yamwage nje kupitia koki kabla ya kuwasha pampu, ukipuuza hilo utayasukuma yote bwawani kwa mkupuo.

Amka na mtu mwingine mpokezane ndoo, mmoja anachota mwingine anatazama samaki. Jua likishapanda, kama saa kumi na mbili na nusu, wataanza kushuka mmoja mmoja. Wa mwisho akishuka, weka ndoo chini.